Zaburi Iliyoishia kwa Nguruwe

Kitu cha kwanza ninachokumbuka kuhusu ile kompyuta ni kucha. Mtu fulani alikuwa amejikatia kucha juu ya kibodi, na vipande vyake vilikuwa vimeangukia katikati ya herufi, vyeupe, vimepinda, vingine bado na uchafu wake. Nilivitoa kimoja kimoja kwa kijiti cha kiberiti kabla sijaketi. Katibu wa machapisho alisimama mlangoni akinitazama, akacheka.

"Mama, hizo haziumi."

Sikumjibu. Nilikuwa bado nafunga kitambaa cheusi kichwani, na watu walishazoea kwamba mimi sijibu. Walidhani ni huzuni. Mara nyingi ilikuwa huzuni kweli. Siku hiyo kilikuwa kinyaa.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, mjini Kericho. Mvua ilinyesha karibu kila alasiri, kwa hiyo madirisha hayakufunguliwa, na makoti yaliyolowa yalining'inizwa ukutani yakitoa harufu ya kondoo. Vikombe vya chai vilikaa mezani mpaka maziwa yakaweka utando juu, na utando ukakauka kama ngozi. Kipanya cha kompyuta kilikuwa kinateleza kwa mafuta ya mandazi. Sisi ni watu wa chai, tunaichuma kwa migongo yetu, lakini sijaona mahali chai inaachwa kuoza kama katika ile ofisi.

Nilikuwa pale kwa sababu ya mume wangu.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa kanisa. Alifundisha watu wa kubatizwa, kuanzia kwetu karibu na Silibwet mpaka huko chini Chebunyo kwa wafugaji, na kwa miaka mingi alikwenda pia kwenye kambi za wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai. Huko kambini kulikuwa na Wakipsigis, Wakisii, Waluhya, watu wa kila mahali, na kwa sababu hiyo aliandika mafundisho yake kwa Kiswahili. Wakati kanisa lilipoamua kutoa kitabu cha ufafanuzi wa Biblia, wachungaji wenye vyeti waliandika ufafanuzi wenyewe, ile sehemu ya juu. Yeye walimpa maneno ya chini, yale maelezo madogo yanayokaa mwisho wa ukurasa na namba zake. Walimpa kama mtu anavyopewa kichwa cha mbuzi baada ya nyama kugawanywa. Yeye alifurahi. Alisema kichwa kina ulimi.

Aliandika juu ya vitu alivyovijua. Pale Yesu anaposema kuhusu divai mpya na viriba vikuukuu, wachungaji walieleza juu mambo ya agano la kale na jipya. Yeye chini aliandika kwamba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kisiposuguliwa vizuri kwa kijiti na majivu, hata umimine maziwa ya ng'ombe bora kijijini, yataharibika, na mwenye kibuyu atamlaumu ng'ombe. Mambo kama hayo. Niliyajua mengi kwa sababu aliyajaribia kwangu jikoni. Akisoma, mimi nikiendelea na kazi bila kuinua macho, aliyafuta. Nikiinua macho, aliyaacha.

Alikufa kwa ugonjwa wa tumbo kabla kitabu hakijatoka. Hatukujaliwa mtoto. Alichoacha ni yale maneno ya chini, na ndiyo sababu nilikubali walipokuja kuniambia kuna kazi. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nilikuwa nausoma mwandiko wake, na mwandiko wake ulikuwa mbaya.

Kumbe kitabu hakikuwa kitabu tena. Wageni fulani kutoka ng'ambo walikuwa wameleta kompyuta na kusema siku hizi mambo ni ya CD. Ufafanuzi wote ungeingia kwenye sahani moja inayong'aa. Mtu angesoma kwenye kioo, angeona namba ndogo ya buluu, angeibonyeza, na maelezo ya mume wangu yangefunguka. Ile njia kutoka kwenye namba mpaka kwenye maelezo waliiita linki. Nilipofundishwa niliielewa haraka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ni kamba tu ya ng'ombe. Upande mmoja iko shingoni, upande wa pili iko kwenye kigingi. Ng'ombe hapotei.

Ila hawa walikuwa wamepotea karibu wote.

Aliyenionyesha ni msichana mmoja mpiga chapa, aliyezaliwa kambini kwa wazazi wa kutoka Kisii, mcheshi, mwenye mdomo usiopumzika. Alifungua kitabu cha Mwanzo, akabonyeza namba. Maelezo yakafunguka, sawasawa. Akabonyeza nyingine, sawa. Kisha akafungua Isaya, akabonyeza namba kwenye habari za bikira na mtoto. Kikafunguka kipande kuhusu kuchimba choo nje ya kambi, kutoka Kumbukumbu la Torati.

Nilikiangalia. Nilidhani sijaona vizuri.

"Yote iko hivyo," akasema. "Mwanzo mpaka Kumbukumbu iko poa. Kutoka hapo ni vurugu."

"Kwa nini?"

"Mama, si unajua kule kituo cha majani ya chai? Kila mtu anahesabu gunia zake kuanzia moja. Sasa sisi wapiga chapa tulikuwa wanne. Kila mtu akapewa fungu lake la Biblia, akahesabu zake kuanzia moja. Halafu wakaunganisha zote. Hii mashine haijui moja ya nani. Ikiona moja inakimbia kwa ile ya kwanza."

"Na hakuna mtu aliwauliza?"

"Tuliulizwa kama tumemaliza."

Hakuna mtu wa mahali pengine ambaye angefanya kosa hilo kwa moyo mweupe kiasi kile. Kwetu, tangu tukiwa watoto, kuhesabu ni kuhesabu magunia yako na kumwachia jirani ya kwake. Sikuwakasirikia wale wasichana. Niliyemchukia, na sitalificha neno hilo, ni mtu aliyeona na kunyamaza.

Katibu alikuwa ameona. Alijua tangu mwanzo. Nilipokwenda mezani kwake kumweleza, hakuacha hata kuchokoa meno.

"Ndiyo maana tumekuita, Mama. Uzinduzi uko karibu. Sasa sikiliza. Mwanzo iko sawa. Wewe tengeneza Injili ya Yohana, zile sura za kwanza. Basi."

"Na zilizobaki?"

"Zilizobaki nani anasoma? Wewe umewahi kuona mtu anasoma Nahumu?"

"Mume wangu alisoma."

"Marehemu alikuwa mtu wa Mungu," akasema, na akakitazama kile kijiti cha meno kuona kimetoa nini.

Nilibaki nimesimama. Nikamwambia, "Katibu, wewe una chai nyumbani. Mtu akijaza majani magumu chini ya gunia, juu akaweka yale laini, majani mawili na kichipukizi, karani wa kituo anafanya nini?"

"Anamwaga gunia."

"Ndiyo."

"Sasa hawa wageni hawamwagi gunia, Mama. Wageni wanapapasa juu, wanapiga picha, wanakula kuku, wanaenda."

Alisema hivyo bila aibu, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mwenzake jambo la manufaa. Ile hila ya gunia kila mkulima wa chai anaijua. Nimeona watu wakubwa, wazee wa kanisa, wakisimama kwenye foleni ya kituo wakiomba karani asiingize mkono. Nimeona majani yakimwagwa matopeni, magumu, meusi, yaliyoungua kwa joto la kukandamizwa, na mwenyewe akiangalia pembeni kama kwamba gunia si lake. Nilidhani hila hiyo inaishia kwenye chai.

Nilirudi kwenye kompyuta. Nilianza na Yohana kama nilivyoambiwa, kwa sababu Yohana pia alikuwa anahitaji kutengenezwa. Msichana alinifundisha. Nyuma ya maandishi mazuri kulikuwa na maandishi mengine, yamejaa alama kama midomo ya ndege iliyofunguka. Humo nilitafuta namba, nikaipa jina la kitabu na la sura, kisha nikashuka mpaka kwenye maelezo yenyewe nikayapa jina hilohilo. Shingo na kigingi. Kisha nilihifadhi, nikabonyeza, nikaona kama inafika. Nikikosea nukta moja, haifiki. Stima ikipotea kabla sijahifadhi, naanza upya.

Ilikuwa kazi ya kuchosha macho, lakini sikuichukia. Kila linki iliponyooka, mume wangu alisema kitu. Wakati mwingine kilikuwa kitu cha kawaida tu, kipimo cha mtungi au jina la mlima. Wakati mwingine nilimsikia kabisa, na nilisimama nikaenda kuosha vikombe ili msichana asinione. Ofisi ile ilikuwa na vikombe safi siku nilizoomboleza sana.

Nilipomaliza zile sura za Yohana sikungoja. Niliendelea na Mathayo. Katibu alipogundua alinijia.

"Nilikwambia Yohana peke yake."

"Nimemaliza Yohana."

"Sasa CD zinakwenda kuchapwa Nairobi hivi zilivyo. Unajisumbua bure. Pumzika, Mama. Wewe ni mtu wa msiba."

Nilimwambia kwamba asizipeleke, kwamba jina la mume wangu liko juu ya maelezo yale, na mtu akibonyeza Isaya akakuta choo, atadhani mwandishi ndiye aliyeandika choo. Akasema hakuna atakayebonyeza. Nikaenda kwa mchungaji msimamizi. Naye akasema, kwa upole mwingi, kwamba kazi ya Mungu haikosi kasoro, na akanishika bega. Mkono wake ulikuwa na unyevu. Nilikuwa nimeshikwa bega na watu wengi tangu mazishi, na nilikuwa nimeanza kujua ni mkono gani unakushika ili usianguke na ni upi unakushika ili ukae chini.

CD zikaenda Nairobi.

Uzinduzi ulifanyika kanisani siku ya Jumamosi. Walileta kompyuta wakaiweka mbele juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha madhabahu, na waya ukapita sakafuni mpaka ofisini. Kwaya iliimba. Wageni walikaa viti vya mbele na mashada ya maua shingoni. Nje kuku walikuwa wanachemka kwenye masufuria, na harufu ya manyoya yaliyoungua iliingia mpaka ndani.

Katibu alinijia kabla ya kuanza. "Mama, wewe kama mjane ndiwe utakayebonyeza ya kwanza. Ni Yohana, sura ya kwanza, nimekuwekea tayari. Bonyeza tu, watu wapige makofi."

"Siwezi."

"Kubonyeza kidole kimoja?"

"Unataka niwaonyeshe juu ya gunia."

Akatabasamu kwa ajili ya watu waliokuwa wanatutazama, na chini ya tabasamu akasema, "Usituaibishe. Hii ni siku ya marehemu." Akaenda akabonyeza mwenyewe. Maelezo yakafunguka, akayasoma kwenye kipaza sauti, watu wakapiga makofi. Akabonyeza ya pili. Makofi tena. Wageni wakapiga picha. Alikuwa amesema kweli kuhusu wageni.

Hakuwa amemfikiria mzee wa Chebunyo.

Huyu alikuwa mfugaji, mzee mrefu wa koti kubwa la kijeshi na fimbo, mmoja wa wale waliofundishwa na mume wangu. Alisimama katikati ya watu bila kuombwa. Hakuwa mtu wa kuombwa.

"Mimi nilibatizwa kwa mkono wa huyo mwalimu," akasema. "Sijui kusoma hiyo televisheni yenu. Lakini nataka kusikia maneno yake. Nifungulieni ile zaburi ya mchungaji. Kuna mahali pa meza. Alituambia kitu kuhusu hiyo meza, tukiwa malishoni, nami nimekisahau."

"Boiyo, mzee wetu, muda umekwenda," katibu akasema. "Chakula..."

"Chakula hakina miguu."

Watu wakacheka, wakaanza kusema wakiwa wamekaa, fungua, mfungulie mzee. Mgeni mmoja akauliza mzee amesema nini, akatafsiriwa, akafurahi sana, akanyanyua kamera. Nilimwona katibu akiitafuta Zaburi. Nadhani alijua, au labda alikuwa amedanganya kwa muda mrefu mpaka akaamini. Alibonyeza namba, maelezo yakafunguka, na kwa yale mazoea ya kusoma mbele ya watu akaanza kabla hajaangalia.

"Nyama ya nguruwe isipoiva vizuri huwa na minyoo," akasoma kwa kipaza sauti, kwa sauti ya ibada, "na minyoo hiyo humea tumboni mwa mtu mpaka..."

Akasimama hapo.

Mtu nyuma akasema, "Hiyo ni meza ya hoteli gani?" Kanisa zima likapasuka. Wanawake walijifunika nyuso kwa vitambaa. Mwingine akapaza sauti, "Kumbe mwalimu alikuwa anaonja kitu kidogo kabla ya kuandika!" Wakacheka zaidi. Mkalimani alikuwa anahangaika kumwambia mgeni kwamba ni fumbo. Mimi nilikaa kwenye benchi langu, na ndani ya kicheko kile nilisikia vizuri kwamba anayechekwa ni mume wangu.

Bado ningenyamaza. Lakini katibu aliinua mkono kuwatuliza watu, akasema kwenye kipaza sauti, kwa huruma, "Wapendwa, wapendwa. Marehemu aliandika mengine akiwa mgonjwa. Tumsamehe."

Nikasimama.

Sikwenda mbele. Nilisema palepale nilipokuwa, na kwa sababu sisemi mara nyingi, watu walinyamaza.

"Hayo maneno ya nguruwe ni ya Mambo ya Walawi," nikasema. "Aliyaandika akiwa mzima, na mahali pake ni kweli. Ya zaburi yapo, aliyaandika vizuri, lakini hayafikiki. Mashine imechanganywa na sisi wa ofisi. Kutoka Yoshua mpaka Ufunuo imechanganyika, isipokuwa Mathayo kidogo na hizo sura za Yohana mlizoonyeshwa. Katibu anajua. Mchungaji anajua. Nami najua. Mume wangu hana kosa la kusamehewa hapo."

Nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee wa Chebunyo alisema neno moja tu, "Asante, chepyoso," kama mtu anavyomshukuru mke wa nyumba, naye akakaa.

Tulikula. Nilipewa paja la kuku na hakuna aliyeketi karibu nami. Mchuzi ulikuwa na manyoya. Wazee wa kanisa walipita mbele yangu wakiangalia sahani zao, na wanawake wenzangu, waliolia nami kaburini, walipata ghafla kazi nyingi upande wa pili wa sufuria. Msichana mpiga chapa peke yake ndiye aliyekuja, akachuchumaa, akaninong'oneza, "Haki Mama, umewamwaga." Kisha naye akaitwa akaenda.

Wiki iliyofuata waliniita kikaoni. Katibu alikuwa na pendekezo. Alisema njia iliyo safi ni kuyatoa maneno ya chini yote. Ufafanuzi wa wachungaji unatosha, na pasipo namba hapatakuwa na makosa. Alisema hivyo akinitazama kwa mara ya kwanza machoni. Wachungaji wawili watatu wakatikisa vichwa kukubali, na sishangai. Ni maandishi yao yaliyokuwa yanabaki.

Niliomba kusema. Nikawaambia kama wanayatoa, wayatoe, ofisi ni yao. Lakini watangaze Jumapili kanisani kwamba wameyatoa kwa uvivu wao, si kwa ubaya wake, kwa sababu watu wameshaanza kumwita mume wangu mwalimu wa minyoo. Kama hawawezi kutangaza, basi waniache niyafunge yote kwenye vigingi vyake, hata bila mshahara, nami sitawasumbua tena.

Mchungaji msimamizi alikuna shavu. Nadhani alipima lipi ni jepesi, tangazo au mimi. Akasema, "Mwacheni Mama afanye."

Nilifanya. Sitaeleza siku zote, zilifanana. Nilikuja kutoka nyumbani, nikalala kwa dada yangu mdogo aliyeolewa mjini, nikarudi kuchuma chai yangu mwisho wa juma, nikaja tena. Katibu alihamisha meza yake akanipa mgongo. Alikuwa na tabia ya kukohoa na kutema mate kwenye leso, kisha kuifungua na kuiangalia, na nadhani alizidisha kwa ajili yangu. Ikaja Yoshua, ikaja Waamuzi, ikaja yule Nahumu wake. Msichana alinisaidia akipata nafasi, akiimba kwa sauti ya chini na kubishana na mashine kama inamsikia.

Nilipofika kwenye maelezo aliyoandika mume wangu akiwa mgonjwa kweli, yale ya barua za mwisho, niliyasoma polepole kuliko mengine. Nilitaka kujua kama katibu alikuwa na chembe ya ukweli. Yalikuwa mafupi. Mwandiko kwenye karatasi ulikuwa umelala chini kama majani baada ya mvua ya mawe. Mawili matatu hayakumaliza sentensi, nami niliyaacha bila kumalizia. Lakini hapakuwa na upuuzi.

Zile CD za kwanza hazikurudishwa. Nilisema zirudishwe, wakasema zimeshagawanywa na watu hawana hata kompyuta za kuzichezea, kwa hiyo hazina madhara. Hilo ni kweli. Siku moja, njiani kwenda Silibwet, niliiona moja imefungwa kwa uzi juu ya mti katika shamba la wimbi la uji, inazunguka na kumeta ili kufukuza ndege. Nilisimama nikaiangalia. Juu yake lilikuwepo jina la mume wangu, dogo, chini ya majina ya wachungaji. Nilitaka kuingia niing'oe. Kisha nikaona kwamba pale juu haimwambii mtu habari za minyoo, na angalau nafaka ya watu inapona. Nikaenda zangu, lakini mate yalikuwa machungu mdomoni mpaka nyumbani.

Kazi ilipokwisha hapakuwa na uzinduzi. CD chache mpya zilitengenezwa, zikawekwa kwenye boksi chini ya meza karibu na vikombe. Nilimtumia mzee wa Chebunyo salamu kwamba ile zaburi sasa inafika, na siku ya soko moja akaja na koti lake na fimbo yake. Katibu alipomwona akakumbuka shughuli posta.

Nilimpangusia kiti. Nikamfungulia zaburi, nikabonyeza, nikamsomea. Mume wangu alikuwa ameandika kwamba meza ni malisho yenyewe, kwamba mchungaji mwema hutangulia asubuhi kung'oa majani yenye sumu kabla kundi halijafika. Mzee alisikiliza amefumba macho.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo. Ni hiyo. Niongeze."

Nikamfungulia mengine ya mifugo, kwa sababu ndiyo aliyoyataka. Tukafika Yohana, pale kondoo wanapoijua sauti ya mchungaji wao. Nikabonyeza. Mume wangu aliandika kwamba kondoo wa kwetu hamfuati mgeni hata kama mgeni amevaa nguo za mwenyewe, kwa maana kondoo hutegemea sikio wala hategemei jicho.

Mzee akafumbua macho.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Hapo amekosea."

"Amekosea wapi, boiyo?"

"Kondoo? Mimi nimeibiwa kondoo, chepyoso. Kundi zima, mchana. Kondoo anafuata mtu yeyote mwenye chumvi mkononi. Awe mwizi, awe mpagani, awe nani. Sikio gani? Mumeo alikuwa mtu wa chai. Ng'ombe angalau unaweza kusema. Lakini kondoo!" Akapiga fimbo sakafuni. "Ningekuwepo alipoandika ningemwambia. Angebisha, huyo. Alikuwa mbishi."

"Alikuwa mbishi," nikasema.

"Angesema, 'Mzee, mimi nimeona kwa macho yangu.' Nami ningemwambia, 'Umeona kondoo wa nani?'"

Aliendelea hivyo kwa muda, akimgombeza, akikinyooshea kioo fimbo, na mimi nilikaa nikisikiliza. Hapakuwa na mtu aliyekuwa amemgombeza mume wangu tangu afe. Walikuwa wamemsifu, wakamcheka, wakamsamehe. Huyu alikuwa anabishana naye, na kosa alilolishika lilikuwa kosa lake kweli, ameliandika kwa mkono wake, mahali pake.

"Nilifute?" nikamwuliza. "Naweza kulifuta sasa hivi."

Mzee alishtuka kama nimesema jambo baya.

"Ufute kwa nini? Mwache na kosa lake. Siku tukifufuliwa nitamtafuta tulimalize." Akavuta kiti karibu na kioo. "Ya mbuzi amesema nini?"